Mizizi Ndani ya Simu ya Baba Yako

Musoma, Jumamosi, 6 Septemba 2025

Nyangeta mwanangu,

Umeondoka saa nne asubuhi kwenda Butiama kumuaga bibi yako, na umesema utarudi kabla jua halijazama. Kesho unasafiri kwenda kusoma ng'ambo, kwa hiyo nina mchana mmoja tu. Nimefunga banda langu la simu, nimegeuza kile kibao cha "Fundi ametoka kidogo", na bado watu wawili wameshagonga. Wa pili amegonga bati kwa funguo mpaka nikatoka.

"Kaka, kibao hukioni?"

"Nimekiona, fundi. Ila na wewe nakuona upo."

Nakwambia mapema kwamba leo nimeudhika, ili ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue sababu. Kalamu yenyewe inaandika mistari miwili halafu inakauka, mpaka niipulizie.

Habari za soksi, dawa na mafuta ya ngozi sitaziandika. Shangazi yako ameshakutumia orodha kutoka Nyasura, ameandika hadi kitana. Habari za sala utakuwa umezipata kwa bibi, na ninajua hukutoka pale bila kupigishwa magoti. Mimi nina jambo moja tu, na nimejaribu kukwambia mara tatu wiki hii nikashindwa.

Jumatatu tulikuwa tunachambua dagaa pale uani. Nikasema, "Nyangeta, kuna kitu." Ukasema, "Ndiyo, mama." Nikasema, "Huyu mbona ana mchanga?" Jumatano tulitoka kanisani pamoja kwenye ibada ya kukuombea safari. Nilijipanga kuanzia pale mlangoni. Tulipofika kona ya sokoni, mama mchungaji akatukimbilia kukupa soda ya kuagia, akatembea na sisi mpaka nyumbani akikueleza habari za barafu, yeye ambaye barafu ameiona kwenye friji tu. Nilitamani kumwambia arudi. Mara ya tatu ni juzi, ile jioni ya vijiko, na hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue karatasi.

Unakumbuka. Nilikuwa nimekuuliza kwa mara ya mia unaenda kusoma nini, ukachoka na mimi.

"Mama, lete vijiko viwili."

"Vya nini, si unakula kwa mkono?"

"Lete tu. Kila siku unawaambia watu naenda kusoma kompyuta. Mimi siendi kusoma kompyuta."

Ukalaza kijiko kimoja juu ya meza. Ukachukua pande la ugali uliopoa, ukaubana ukawa bapa, ukauweka juu ya kijiko. Juu ya ugali ukaweka kijiko cha pili. Ukasema cha juu ni fedha, cha chini ni madini magumu ambayo hayayeyuki ovyo, na ugali ni kitu kisichopitisha umeme. Ukitia umeme, chembe za fedha zinang'oka kwenye kijiko cha juu moja moja, zinapenya ndani ya ugali mpaka chini, zinatulia. Nyingine inakuja inapanda mgongoni kwa mwenzake. Zinapandana hivyo hivyo hadi zinakigusa tena kijiko cha juu zilikotoka. Hapo zimeshakuwa uzi, na umeme unapita.

"Uzi mnene kama nini?" nikauliza.

"Hata kwa ile lenzi yako huuoni. Chukua unywele mmoja, uupasue vipande maelfu, uchukue kimoja."

"Na umeme ukikatika, kama hapa kwetu?"

"Ndiyo utamu wake, mama. Umeme ukizima, uzi unabaki. Ndiyo maana tunaita kumbukumbu. Uzi ukiwepo tunasoma moja. Ukiugeuza umeme upite kinyume, uzi unayeyuka pale ulipo mwembamba, unakatika. Tunasoma sifuri."

"Kwa hiyo ugali wangu umekuwa memori kadi."

"Ulivyo mgumu huo, ungefaa kabisa."

Tulicheka. Ukaendelea kwa sababu ulikuwa umeshapandwa na moto wako ule, mikono inaruka. Ukanieleza jinsi mara ya kwanza inavyokutesa. Kwamba kile kitu kikiwa kipya hakijawahi kupitisha umeme na hakina njia yoyote ndani yake, kwa hiyo lazima ukisukume kwa nguvu kuliko utakavyokisukuma siku nyingine zote. Na wakati huo huo unaposukuma, lazima uwe umeshika breki, umeme usizidi kiasi. Ukichelewa kushika breki, uzi unanenepa unakuwa kamba. Kesho yake unageuza umeme, unageuza tena, haukatiki. Ukasema umeua vipande vingi namna hiyo kule Dar, na siku moja ulijifungia chooni ukalia, na msimamizi wako akagonga kukuuliza kama ni malaria.

Hilo la kulia hukuwa umeniambia. Nililiweka moyoni.

Ukasema pia kwamba uzi hautabiriki. Leo unajijenga hapa, kesho pembeni kidogo, na kila kipande kina tabia yake hata kama umevitengeneza siku moja kwa mkono mmoja. Na ukikatika hauishi wote, kinabaki kisiki, ndiyo maana mara ya pili unajengeka kwa urahisi, unaanzia pale pale kwenye kisiki. Ulipolisema hilo la kisiki mimi nilikuwa nimeshaacha kutafuna. Nikauliza kitu ambacho ulikiona cha ajabu.

"Na ikiwa katikati kuna maji badala ya ugali?"

"Maji gani?"

"Maji tu. Ya mtoni."

"Oo, kwenye maji ndiyo rahisi. Hapo hata fedha huhitaji, shaba ya kawaida ya kwenye bodi ya simu inatosha. Maji kidogo, umeme kidogo, dakika chache, inaota matawi kama mti. Mama, wewe ni fundi, hujawahi kuona?"

"Nimeona."

"Wapi?"

Nikafungua mdomo. Na hapo hapo mlango ukapigwa. "Hodi! Fundi! Simu yangu inasema weka laini na laini imo!" Wewe ukainuka kufungua. Nilikaa naangalia vile vijiko mpaka ulipouvunja ule ugali ukautupia kuku.

Iliota Buswahili, kijijini kwa kina baba yako, Nyangeta. Niliona kwenye simu ya baba yako.

Sasa nianzie mbali kidogo ili nisiruke chochote. Unajua baba yako alijifunza ufundi wa redio Bunda, akaja nao hapa Musoma kabla sijamjua, na simu zilipoanza kujaa akahamia kwenye simu. Mimi na darasa la saba langu nilianza kwa kumpelekea chakula bandani. Halafu nikawa namshikia tochi. Halafu siku moja akanipa pini ya kuchomea risasi, ile ya kuungia nyaya, akasema, "Shika wewe, mimi macho yamechoka," wakati macho yake yalikuwa mazima kabisa. Ndivyo alivyonifundisha kila kitu, kwa kujifanya amechoka.

Simu zilizotuletea wateja wengi zilikuwa za watu wa Mugango. Mtu anainama kuvuta wavu au kunawa uso, simu inatoka mfukoni, inaingia ziwani. Baba yako alikuwa na utaratibu wake kwa simu za maji na hakuuvunja hata kwa diwani. Anatoa betri kabla hajakusalimia. Anafungua, anasugua bodi kwa mswaki na spiriti. Anaiweka kwenye ule ungo mkubwa wa bibi yako, na kikaratasi kimeandikwa MAJI, inakaa juani siku mbili. Siku mbili hizo haigusi umeme. Watu walikuwa wanapita wanamtania, "Fundi, leo dagaa wako wana vitufe." Mzee mmoja wa Mugango alikuja akakalia ile ndoo ya rangi, akakataa kuondoka.

"Fundi, iwashe kidogo tu nione kama inapumua."

"Mzee wangu, hapo imezimia. Ukiiwasha leo tutaizika."

"Wewe unapendaga kuchelewesha watu."

"Na wewe unapendaga kuogelea na simu. Tuvumiliane."

Baba yako alikuwa ananiambia hivi, na mimi naweza kukusomea kama Baba Yetu: maji hayaui simu, kinachoiua ni umeme unaokuta maji bado yamo. Alinionyesha kwa lenzi ile mizizi ya kijani na kahawia inayoota kati ya mguu mmoja wa saketi na mwingine. Aliiita mizizi. Hakujua fedha wala chembe, ila alijua inaota ukiwa na haraka.

Baba yako alipolazwa, wewe ulikuwa Nyasura kwa shangazi yako, darasa la sita. Jioni moja pale wodini alinipa simu yake nikamchajie, akasema, "Nimemrekodia mtoto maneno. Aje asikilize likizo. Wewe usisikilize, utaanza kulia, wauguzi watanifokea mimi." Nilimwambia atamwambia mwenyewe kwa mdomo. Akasema sawa, atamwambia mwenyewe. Siku tatu baadaye tulikuwa tunampeleka Buswahili kumzika.

Sikusikiliza. Nilitii. Niliizima simu, na kwa vile nyumba ilikuwa imejaa watu na vitu vinapotea msibani, niliiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kijivu, nikafunga zipu. Nikalitundika koti msumarini.

Siku ya kumaliza msiba, kwa watu wa baba yako, nguo za marehemu hazigawiwi zikiwa na jasho lake. Watoto wake na wa dada zake wanazibeba mtoni wanazifua, ndipo ndugu wanagawana. Nilikuwa najua. Niliwaona mnatoka na beseni, wewe umeshika koti kifuani, kichwa kimenyolewa, shingo nyembamba. Nilikuwa napakua uji. Zipu, mfuko, simu, vyote vilinitoka akilini. Nimejaribu kujitetea miaka yote kwamba nilikuwa na msiba. Ni kweli nilikuwa na msiba. Na ni kweli pia kwamba aliyeiweka simu humo alikuwa mimi.

Ulirudi unakimbia, umeishika juu ya viganja viwili kama kifaranga, maji yanachuruzika. Hukulia. Ulisema, "Mama, ilikuwa ndani. Sikujua ilikuwa ndani." Na shangazi yako, mbele ya watu wote, kwa uchungu wake wa kufiwa na kaka, akasema, "Mtoto huyu amemzamisha baba yake." Unakumbuka maneno hayo kuliko mimi. Najua unayakumbuka kwa sababu mpaka leo ukifua unapapasa mifuko yote, hata ya sketi zisizo na mifuko.

Mpaka hapo ni habari unayoijua. Sasa isikilize usiyoijua.

Nilitoa betri kama nilivyofundishwa. Nikaifuta bodi kwa kitenge. Spiriti haikuwepo, mswaki sikuutafuta. Nikakaa nayo labda saa moja. Watu walikuwa wanagawana nguo, mjomba wako amelivaa lile koti likiwa bado na unyevu, na mimi nikahisi kwamba nisipoisikia ile sauti siku hiyo hiyo nitapasuka. Nikasema naenda senta kununua chumvi. Pale senta kulikuwa na mama mmoja anachajisha simu kwa sola. Nilirudisha betri, nikachomeka chaja.

Iliwaka, Nyangeta.

Simu iliyotoka mtoni iliwaka. Nilimwambia yule mama, "Imewaka!" akanicheka kwa vile nilivyoruka. Niliingia kwenye sauti, ilikuwepo moja tu. Nikabonyeza. Alikohoa kwanza, kile kikohozi chake cha kusafisha koo. Halafu akasema, "Nyangeta, mama, hapa ni..." Sauti ikavutika kama kanda iliyolegea. Kioo kikawa cheupe. Nikaihisi mkononi inapata moto kama kiazi kilichotolewa jivuni, nikang'oa chaja, nikang'oa betri, ikatoa kile kiharufu ambacho kila fundi anakijua. Basi.

Nilirudi bila chumvi. Wewe ulikuwa umekaa umeegemea ukuta wa jiko. Ukauliza, "Mama, imepona?"

Nikasema, "Maji yameingia sana."

Maneno matatu. Hayakuwa hata uongo, maji yalikuwa yameingia kweli. Ulitikisa kichwa kama mtu mzima, ukaenda kuosha sufuria ambazo hakuna aliyekutuma kuziosha.

Tuliporudi Musoma niliifungua chini ya lenzi. Mizizi ilikuwa pale, kati ya miguu miwili ya sehemu ya chaji, imeota kutoka upande mmoja mpaka imegusa wa pili, yenye matawi, mizuri hata. Uzi wako ule wa kijiko, ila wa kuonekana kwa macho. Ningeweza kuuosha taratibu. Nilikuwa na hasira. Nilichukua sindano nikaukwangua kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu nikang'oa na njia ya shaba iliyokuwa chini yake. Makosa mawili kwa simu moja, na yote mawili nilikuwa nayajua kabla sijayafanya. Ningekuwa mjinga ningejisamehe mapema.

Niliifunga kwenye kopo la maziwa ya unga, nikaliweka juu ya kabati nyuma ya Biblia kubwa. Ulikuwa unaliona. Uliwahi kuniuliza lina nini nikasema misumari.

Kisha nikakuangalia ukikua. Huo ndio mwaka ulioanza kukaa bandani kwangu kila likizo, huongei, unapanga skrubu kwa ukubwa. Kidato cha pili ulisema, "Mama, nitatengeneza simu isiyosahau hata ikizama." Nilisema, "Sawa, mama, utengeneze," nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Ulifaulu, ukaenda Dar, watu wakanisifu kwamba mtoto wa fundi ni fundi. Mwalimu wako wa fizikia alinisimamisha barabarani kunipongeza, na mimi nikajibu kwa ukali mpaka akashangaa. Kila aliyekusifu alikuwa kama anabonyeza kidole kwenye jipu langu. Nilikuwa najiuliza, huyu mtoto anasoma kwa sababu anapenda, au analipa deni ambalo si lake? Sijui. Pengine hata wewe hujui. Ila nilikuwa na uwezo wa kukusaidia ujue, na sikufanya.

Kuna kibaya zaidi, na nakiandika haraka kabla sijabadili mawazo. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda Mwanza kununua vioo, fundi mmoja kule akanionyesha mashine ya kusomea chipu ya kumbukumbu hata kama simu yenyewe imekufa. Unaing'oa kwa joto, unaiweka kwenye mashine, unasoma. Chipu ya simu ya baba yako iko upande wa pili wa bodi, mbali na pale nilipokwangua. Sijaigusa. Nilirudi nyumbani na habari hiyo, nikalitazama kopo, nikaliacha. Niliogopa tukute sauti imeharibika. Na niliogopa zaidi tuikute nzima, kwa sababu ungeuliza, "Mama, kumbe haikufia majini?" Kwa ajili ya hofu hiyo nimekunyima baba yako miaka mitatu mingine, zaidi ya ile tisa.

Leo asubuhi ulipotoka nilimpigia shangazi yako.

"Wifi, ile simu ya kaka yako niliiua mimi."

"Simu gani?"

"Ya Buswahili. Iliwaka. Mimi ndiye niliyeitia umeme ikiwa na maji."

Alikwenda kwanza akafunga mlango. Halafu akasema, "Na mimi nilimtukana mtoto mbele ya watu, ukanisikia."

"Nilikusikia."

"Ukakoroga uji."

"Nikakoroga uji."

"Wifi, wewe unaonekanaga mpole sana." Nikasikia anapenga kamasi. "Mwambie leo. Hajavuka Mwanza. Usipomwambia mimi nitamwambia, na mimi sijui kusema vizuri."

Amenikasirikia, na ni haki yake. Nadhani amejikasirikia pia. Atakupigia, mpokee.

Mama mchungaji angekuwa na haya yangu angepata mahubiri ya Jumapili nne: uzi, kisiki, moto, maji. Mimi sina mahubiri. Nimekaa mezani najaribu kutafuta la kukuachia, na kila ninalolipata linanikera kwa kuwa linakuja kutoka kwa mtu asiyelitenda. Nikwambie ninachokijua kwa mwili wangu tu. Ukikosea huko maabara, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Kosa la siku moja mtu analisikia, anafoka, anaenda kula. Langu lina miaka kumi na miwili na linahitaji karatasi zote hizi, na bado sioni kama nimelimaliza. Na usidhani utakosea kwa kutojua. Wewe umesoma, yale usiyoyajua utayauliza. Utakosea siku unayojua kabisa na moyo unakusukuma. Siku hiyo toa betri kwanza.

Jambo jingine. Kama hivi vitu vya nyuzi unavipenda, vipende kwa raha. Kama ulivisoma kwa ajili ya ule mto, basi mto huo haukufanya kitu. Wewe hukumzamisha mtu. Ulifua koti la baba yako kama ulivyoagizwa, na ulilifua vizuri, mjomba alilivaa miaka. Ukitaka kuacha, acha, rudi, banda lipo. Ukitaka kuendelea, endelea kwa kuwa mikono yako inaruka ukieleza. Juzi nimeiona inaruka. Baba yako alikuwa hivyo hivyo, mtu akimuuliza kuhusu kapasita alikuwa anasahau chai mpaka nzi wanazama.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya begi lako, uisome ukiwa mbali, kwenye baridi. Nimeikataa hiyo. Ni njia nyingine ya kwenda kununua chumvi. Naiweka hapa mezani, chini ya vile vijiko viwili, na kopo liko pembeni yake. Ndani kuna simu, betri nimeitoa, na kikaratasi nimeandika MAJI. Nimekisafisha kioo chake. Ipeleke kwa watu wenye mashine, au muing'oe wenyewe hiyo chipu, wewe unajua kuliko mimi. Usiipe umeme. Najua unajua.

Sauti ikikutwa imekufa, niambie, nami nitalibeba hilo, ni langu. Ikikutwa hai, isikilize peke yako kwanza. Alisema nisisikilize na safari hii nitatii. Mimi nina yale maneno machache na kikohozi, vimenitosha na vimenitesa. Utakachotaka kuniambia utaniambia, usichotaka ni chako.

Utakapokuwa unasoma hapa nitakuwa uani, kwenye jiko la mkaa, nakukaangia samaki, furu wale wadogo, kwa sababu ndege haipakii furu. Sitaingia ndani. Ukitaka kunifokea, toka nje unifokee, majirani wasikie, nitakaa kwenye kigoda changu mpaka umalize. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, ila ule. Kesho alfajiri nitabeba begi lako mpaka stendi iwe umenisamehe au hujanisamehe, kwa kuwa ni zito na wewe una lile la vitabu.

Na huko, siku umeshinda na kile kitu chako, umekisukuma hakifunguki, umekigeuza hakikatiki, umechoka na unataka kuongeza umeme tu liwalo na liwe, simama kidogo, weka mkono mfukoni, uhakikishe hakuna kitu ndani. Halafu unikumbuke.

Mama yako